Dakika 200, watu 12: namna ya kuwagawia wakubwa na wadogo kwenye timu ya kikapu

Hapa Goma, ukitaka kuwasha ubishi wa saa nzima kwa kinyozi, tupia katikati jina la Jonathan Kuminga. Kijana kazaliwa hapahapa mwaka 2002, Golden State Warriors wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wakamchagua wa saba mwaka 2021 katika uchaguzi wa wachezaji wapya, na tangu siku hiyo kila mwenye simu amekuwa kocha. "Kerr alimunyima mutoto yetu dakika!" anapiga kelele mmoja, povu la sabuni likiwa bado kidevuni. Mwenzake anamjibu kwamba Steve Kerr, aliyemfundisha pale Warriors, ametwaa ubingwa mara nne akiwa kocha, weye umetwaa nini?

Mimi huwa nanyamaza. Kwa miaka kadhaa nilikuwa msaidizi wa kocha kwenye michuano ya mji, na kazi yangu kubwa ilikuwa kushika daftari la dakika: nani kaingia, nani katoka, saa ya mezani ikisoma ngapi. Hesabu iliyomsumbua Kerr kwa mamilioni ya dola ndiyo ileile iliyotusumbua sisi kwenye sakafu ya simenti, tukiwa na mipira minne na kipenga cha kuazima. Ninayoyaandika hapa ni kwa kocha mwenye timu ya daraja la juu, yenye wakubwa waliokwisha kuitumikia miaka kumi na wadogo waliopanda juzi kutoka timu za vijana, na wote wanataka kucheza Jumamosi.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu hatua zote zinalirudia. Kijana anaweza kuishi na dakika nane, mradi azijue. Mkubwa anaweza kukubali kupunguziwa, mradi aambiwe mapema, na aambiwe na wewe.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuahidi

Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mechi ina dakika 40, na kiwanjani mko watano. Una dakika 200 za kugawa, haziongezeki hata mechi iwe ya fainali, isipokuwa mkienda kwenye muda wa nyongeza. NBA wanacheza dakika 48, kwa hiyo wao wana 240. Ndiyo maana ukisikia nyota wa huko amecheza dakika 36, usije ukampa wako 36 ukidhani unaiga wakubwa. Kwake hizo ni robo tatu ya mechi. Robo tatu ya kwetu ni dakika 30.

Chukua karatasi. Andika watu wako katika makundi matatu: wakubwa, wa kati, wadogo. Timu yetu ya mwisho ilikuwa hivi. Wa kati wanne, kila mmoja dakika 28: jumla 112. Wakubwa watatu, mmoja 22, mmoja 18, mmoja 16: jumla 56. Hapo umeshatumia 168, zimebaki 32 kwa wadogo. Tukampa wa kwanza 16, wa pili 10, wa tatu 6. Wachezaji kumi, dakika 200 kamili. Wawili waliobaki kwenye orodha ya 12 wana sifuri, na hiyo sifuri wanapaswa kuisikia kutoka kwako kabla hawajavaa jezi.

Sasa tazama hizo 32. Ukiona hazitoshi, utazitoa wapi nyingine? Karibu kila kocha ninayemfahamu hukimbilia kuwakata wakubwa, kwa kuwa ndio wanaoonekana kuchoka. Mimi naanza na wa kati. Ukiwashusha wanne hao kutoka 28 hadi 25 umepata dakika 12 bila kumgusa mzee yeyote, na wa kati hawataumia sana: wana nguvu, wana jina, na miaka iko mbele yao. Mkubwa mwenye dakika 16, ukimnyang'anya nne umemwondolea robo ya maisha yake ya uwanjani.

Warriors wenyewe walijaribu kula huku na huku. Mwaka 2020 walimchukua James Wiseman, wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya, na mwaka uliofuata wakamchukua Kuminga pamoja na Moses Moody, huku Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green wakiwa bado wanasaka ubingwa. Waliupata mwaka 2022, lakini wadogo hao hawakuwa na kazi kubwa kwenye fainali, na Februari 2023 Wiseman akauzwa. Wengine husema mpango ulikuwa mbovu. Mimi naona hesabu tu: dakika za kujifunza na dakika za kushinda zote zinatoka kwenye mfuko mmoja wa 240, na Curry alikuwa hajamaliza kuzitumia za kwake.

Hatua ya 2: Usipange watu kwa umri wa kwenye kitambulisho

Hii ni fupi. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, alichaguliwa wa saba mwaka 2011, akaenda Charlotte, timu ambayo msimu huo ilishinda mechi 7 na kupoteza 59. Alikuwa kijana, alianza mechi nyingi, na alijifunza kazi huku timu ikipigwa kila wiki. Mwaka 2016 yuko Toronto, ni wa akiba, Jonas Valančiūnas anaumia, Biyombo anaingia na kukusanya ribaundi 26, yaani mipira inayorudi mtupo ukikosa, katika mechi moja ya fainali ya kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland. Mwaka 2022 anatokea Phoenix kwa mkataba wa siku kumi, na safari hii yeye ndiye mkubwa, anawekwa pale ili wengine wapumzike. Ni mtu mmoja huyo.

Basi jiulize juu ya kila mchezaji: huyu anahitaji kujifunza, anahitaji kutunzwa, au anahitaji kubebeshwa mzigo? Nimewahi kuwa na mtu wa miaka 23 mwenye goti la kizee. Tulimwandika kwa wakubwa.

Hatua ya 3: Zungumza na kila mmoja, ukianza na wakubwa

Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu nitakaa kidogo.

Msimu mmoja tuliamua, kocha mkuu nami, kwamba pivo wetu wa siku nyingi, yule mrefu wa chini ya kikapu, ataanzia benchi. Tulikubaliana Alhamisi jioni. Tukasema tutamwambia Jumamosi asubuhi, kabla ya mechi, ili asikae siku mbili akiwa na uchungu. Ijumaa alipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Katindo kwenda nyumbani, na dereva, ambaye ni shabiki, akamuuliza: "Mukubwa, banasema kesho unakaa, ni kweli?" Kumbe mmoja wa viongozi alikuwa ameshalitangaza mbele ya watu. Jumamosi mzee alikuja, akavaa, akakaa mwisho wa benchi na taulo kichwani, na hakuongea na mtu. Hakukataa kucheza. Aliingia, akafanya kazi yake, akatoka. Lakini tangu siku ile hakumfundisha kijana yeyote kitu chochote, na mwisho wa msimu alihamia klabu nyingine. Tulikuwa tumemnyima salamu, na kosa lilikuwa letu, kuanzia na mimi.

Msimu uliofuata nilifanya vingine. Nilimkuta mkubwa mwingine amekaa nje ya kiwanja juu ya jiwe jeusi, lava iliyoshuka mwaka 2002, akijifunga bendeji ya goti.

"Mukubwa, nakuomba dakika mbili."

"Sema, koch."

"Mwaka huu nitakupa dakika kumi na sita. Sita robo ya kwanza, sita robo ya tatu, na nne za mwisho ni zako."

Akavuta bendeji, akaifungua yote, akaanza kuifunga upya.

"Na nani ataingiya kwa nafasi yangu?"

"Ule mudogo wa Ndosho."

"Ule hajui hata kukaba mutu wa mukono wa kushoto."

"Ndiyo maana nataka umufundishe."

"Nitamufundisha," akasema, "lakini mumufundishe ninyi kwanza kuamka asubui."

Tukacheka, na mambo yakaisha. Angalia nilichompa: namba, mahali pa kila namba, jina la atakayemrithi, na kazi. Ukimwambia mtu mzima "tutaona kadiri mechi inavyokwenda", hujamwambia neno.

Hata huko juu ni hivyo. Andre Iguodala alikuwa ameanza mechi zote za ligi tangu aingie NBA mwaka 2004, hadi Kerr alipofika mwaka 2014 na kumwomba akae benchi ili kijana Harrison Barnes aanze. Alikubali, kwa shingo upande. Msimu mzima wa kawaida hakuanza hata mechi moja. Juni 2015, Warriors wakiwa nyuma kwa mechi mbili kwa moja dhidi ya Cleveland, Kerr alimrudisha kwenye tano za kwanza. Walichukua ubingwa, na Iguodala akatajwa mchezaji bora wa fainali. Mimi hadithi hii nawasimulia wakubwa wote. Wadogo siwasimulii, wasije wakadhani kiti cha Barnes kilikuwa chao daima.

Kwa mdogo maongezi ni mafupi zaidi. Mwambie dakika zake, mwambie ataingia lini, na mpe kazi mbili tu. "Unaingia robo ya pili. Kaba namba saba wao. Kimbilia ribaundi." Ukimpa kazi sita atasahau zote na atabaki akikutazama wewe badala ya mpira.

Hatua ya 4: Waoanishe

Usiwaweke wadogo watatu pamoja mechi ikiwa bado hai. Kipimo chetu kilikuwa wadogo wawili, mkubwa mmoja, wa kati wawili. Mkubwa huyo achaguliwe kwa mdomo wake. Nataka yule anayepiga kelele kwenye ulinzi: "Kushoto! Rudi! Mwachie huyo, ni wangu!" Mkubwa mkimya, hata awe hodari namna gani, si jozi ya kijana.

Kama mpanga mpira wako ni mdogo, pivo awe mkubwa. Kama pivo ni mdogo, mpira uwe mikononi mwa mkubwa. Vijana wengi wa hapa wameanzia Promo Jeune Basket, kituo cha kikapu cha vijana hapa Goma, au kwenye viwanja vya mitaa, wana mikono mizuri na pumzi ya kutosha. Kinachowasumbua ni kujua wasimame wapi wakati mpira uko upande wa pili, na hilo anawaelekeza aliye karibu nao. Kutoka benchi, kwenye kelele za Jumamosi, hawakusikii.

Hatua ya 5: Chagua mahali pa kuweka dakika za kijana

Nataka usome hii mara mbili, maana ndiyo niliyoiona ikipuuzwa kuliko zote.

Kwa kanuni za FIBA, timu ikishafanya faulo nne katika robo moja, kila faulo ya ulinzi inayofuata inampa mpinzani mitupo miwili ya adhabu. Robo mpya ikianza, hesabu inarudi sifuri. Na kijana, hasa akiwa na hamu ya kukuonyesha kitu, atafanya faulo. Ataweka mkono, ataruka mapema, atamsukuma mtu kwa kifua. Ni kawaida.

Sasa makocha wengi humwingiza lini? Dakika ya saba au ya nane ya robo ya kwanza, wakati wale wa kwanza wameanza kuhema. Tazama ubao saa hiyo: timu yako mara nyingi imeshafanya faulo tatu au nne. Unamtupa mtoto kwenye moto ambao kila mguso wake ni pointi mbili za bure kwa mpinzani. Anagusa mara moja, refa anapuliza, mitupo miwili inaingia, uwanja unaguna, na wewe unamtoa. Amecheza dakika moja na nusu. Kesho atasema hukumpa nafasi, nawe utasema hayuko tayari, na nyote mtakuwa mmekosea.

Mwingize mwanzoni mwa robo ya pili. Faulo za timu ni sifuri, na mapumziko ya dakika mbili umeyatumia kumkumbusha zile kazi mbili. Isitoshe, mpinzani naye mara nyingi huwa ameweka watu wake wa akiba. Yule kijana wetu wa dakika 16 tulimpangia 7 mwanzoni mwa robo ya pili, 5 mwishoni mwa robo ya tatu, na 4 mwanzoni mwa robo ya nne. Mahali pagumu hapo ni zile 5 za robo ya tatu, kwa sababu ya faulo nilizoeleza. Kabla ya kumwingiza, soma ubao. Ukikuta timu imeshafikisha nne, mngojeze hadi robo ya nne na umwambie kwa nini unamngojeza.

Kitu kingine: usimwache akae dakika 38 halafu umkumbuke. Niliwahi kumshauri kocha amwingize mvulana wa miaka 19 zikiwa zimebaki dakika mbili, tunaongoza kwa pointi moja, eti ana miguu mibichi. Alikuwa amekaa tangu mwanzo, jioni ya baridi, upepo unatoka ziwani. Mpira wa kwanza uliokuja upande wake aliuchelewa, akamshika mkono mpigaji. Mitupo miwili, yote ikaingia, tukapoteza kwa hiyo pointi moja. Alilia kwenye ukuta wa nyuma ambako hakuna taa. Miguu ilikuwa mibichi kweli, lakini mibichi ya kutokuiva.

Hatua ya 6: Kosa la mkono na kosa la mguu

Lazima kila mtu ajue kabla ya mechi ni kosa gani litamtoa. Sisi tulikuwa na lugha yetu. Kosa la mkono ni kukosa kikapu, kupoteza pasi, kuchezewa mpira. Hilo husamehewa, hata mara tatu. Kosa la mguu ni kutorudi kwenye ulinzi, kusimama ukitazama ribaundi, kutembea baada ya kupoteza mpira. Hilo linakurudisha benchi hapohapo, uwe mdogo au mkubwa.

Neno "au mkubwa" ndilo linaloifanya sheria iwe na meno. Siku tuliyomtoa nahodha kwa kosa la mguu, wadogo walitazamana. Hatukuhitaji hotuba tena mwaka huo.

Turudi kwa Kuminga kidogo. Tarehe 4 Januari 2024 Warriors walicheza na Denver. Kijana alikuwa na pointi 16, akatolewa robo ya tatu, na hakurudi tena. Alikaa dakika 18 za mwisho. Timu iliyokuwa inaongoza kwa pointi 18 katika robo ya nne ikapoteza kwa mtupo wa Nikola Jokić kutoka mbali kabisa, saa ikiisha. Baada ya hapo habari zikatoka kwamba kijana amepoteza imani na kocha. Wakazungumza, dakika zikapanda, na msimu akaumaliza kwa wastani wa pointi 16 kwa mechi. Aprili 2025 yakarudi yaleyale: mechi ya mwisho ya msimu hakuguswa, na ile ya mchujo dhidi ya Memphis vilevile. Halafu Curry akaumia msuli wa paja kwenye mechi ya kwanza na Minnesota, na Kuminga akafunga 30 katika mechi ya tatu.

Kwa kinyozi wanauliza: kati ya Kerr na Kuminga, nani alikuwa na haki? Mimi simlaumu kocha kwa kumtoa. Kuna sababu za ulinzi na za nafasi ambazo sisi hatuzioni kwenye simu. Ila mtu anayeruka kutoka sifuri hadi nyota na kurudi sifuri hajui Jumanne ataamka akiwa nani. Ningekuwa mimi, ningempa kidogo zaidi siku mbaya na kidogo pungufu siku nzuri.

Hatua ya 7: Viti vitano vya dakika nne za mwisho

Viti vinne vina majina tangu Ijumaa. Cha tano ni cha siku: anakikalia yeyote aliyecheza vizuri leo, hata akiwa mdogo kuliko wote. Litangaze hilo mbele ya timu nzima. Utaona wadogo wanavyofanya bidii robo ya pili, kwa sababu kiti kinaonekana.

Weka akiba taimauti moja kwa ajili yake. Nusu ya pili ya mechi una tatu. Kijana akikalia kiti hicho akaanza kutetemeka, itumie kabla hajaharibu.

Hatua ya 8: Tunza magoti ya wakubwa

Sakafu yetu ni simenti, na chini ya simenti ni mwamba wa volkano. Hairudishi chochote. Mkubwa anayeruka mara mia mazoezini Jumatano ameshakula dakika zake za Jumamosi. Kwa hiyo hesabu mazoezi pia. Sisi tuliwapunguzia wakubwa mbio na miruko siku mbili kabla ya mechi, wakabaki wakipiga mitupo na kuwasahihisha wadogo.

Wasikae muda mrefu wakapoa. Kama mkubwa anatoka robo ya kwanza na atarudi ya tatu, mapumziko ya dakika 15 yasimkute ameketi akinywa Fanta. Avae koti, aruke kamba, atembee. Mazungumzo ya kocha anaweza kuyasikiliza akiwa amesimama.

Kupumzishwa hakumfanyi mtu kuwa mzigo. Marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuwa na miaka 41 mwaka 2008, mtu wa benchi pale Houston. Timu ilikuwa imeshinda mfululizo mechi 12 Yao Ming alipovunjika mguu. Mutombo akaingia kwenye nafasi yake, na ushindi ukaendelea hadi mechi 22. Mzee aliyetunzwa ni akiba, unaifungua siku nyumba inapovuja.

Kumpumzisha mtu mechi nzima ni suala jingine. Mwaka 2012 Gregg Popovich aliwarudisha nyumbani wachezaji wake wanne wakuu kabla ya mechi ya Miami, na ligi ikaipiga San Antonio faini ya dola 250,000. Siku hizi NBA inadai mchezaji acheze angalau mechi 65 ili agombee tuzo kubwa. Huku kwetu hakuna wa kukutoza faini, ila utapigiwa simu na prezida wa klabu, na mara nyingine hiyo ni ghali zaidi.

Hatua ya 9: Tenganisha dakika na pesa

Ugomvi mwingi wa dakika ni ugomvi wa primu, pesa ya bonasi ya mechi. Nilichelewa kulitambua. Katika klabu moja primu ya mechi ilikuwa nono kwa walioanza na nyembamba kwa walioingia baadaye. Unategemea baba wa watoto watano, mwenye kodi ya nyumba Himbi, aachie kiti chake kwa mvulana anayekula kwa mama yake? Atakuambia goti limepona hata kama anachechemea.

Kaa na viongozi kabla ya msimu. Primu ya ushindi iwe moja kwa wote 12, au basi igawanywe kwa mahudhurio ya mazoezi. Pesa ya transpoti isihusiane kabisa na nani amecheza. Wakikataa, andika jina la kila mkubwa unayempunguzia na ujue ni franga ngapi unamwondolea mfukoni. Angalau utazungumza naye ukijua unachomwomba.

Na kuna simu za Ijumaa usiku: mjomba wa kijana, rafiki wa prezida, mfadhili aliyenunua jezi. Jibu langu lilikuwa kuwaonyesha daftari. "Huyu hapa, dakika 10, robo ya pili." Mtu akiona namba imeshaandikwa kwa wino, hamu ya kubishana inapungua. Haiishi, lakini inapungua.

Hatua ya 10: Daftari

Nunua daftari la mistari la shuleni, na mpe mtu mmoja asiyefanya kazi nyingine yoyote wakati wa mechi. Simu inafaa hadi betri iishe, na hapa umeme unajulikana. Ukurasa mmoja kwa mechi moja. Safu ya kwanza majina, ya pili dakika ulizoahidi, ya tatu dakika alizocheza. Ya nne ni timu ilivyokwenda yeye akiwa ndani: aliingia tukiwa mbele kwa tatu, akatoka tukiwa mbele kwa saba, basi mwandikie nne. Usimhukumu mtu kwa safu hiyo kwa mechi moja, maana inawezekana aliingia pamoja na moto wa mwenzake. Baada ya mechi tano huanza kusema kweli. Sisi ilitufunua kwamba kijana aliyekuwa anafunga sana alikuwa anatupotezea pointi kila akiingia, na mwingine ambaye hata mashabiki hawakumjua jina alikuwa hatoki bila timu kuongeza.

Safu ya tano ndiyo ya mwisho, nayo ni deni. Uliahidi 10, akapata 6: andika 4. Mechi ina mambo yake na ahadi nyingine zitavunjika, mwenyewe utajua kwa nini. Jumatatu mwite, mwonyeshe hiyo namba kwenye karatasi, umwambie utailipa lini. Sisi tulikuwa tukilipa robo ya pili ya mechi inayofuata, kabla ya mtu mwingine yeyote kupewa cha ziada.